Usukani wa Mashua Uliochomelewa Kware

Nianze na neno moja. Ile duara dereva wa matatu anashika akitoka Pipeline kuelekea tao tunaiita usukani. Neno hilo halikuzaliwa barabarani. Ni neno la baharini, lilitoka kwa Kiarabu, na kwa karne nyingi lilimaanisha ule ubao unaoning'inia nyuma ya chombo, ndani ya maji, unaoamua jahazi liende wapi. Magari yalipofika huku yalilikuta neno tayari, yakalichukua. Kwa hivyo hata kama hujawahi kuona bahari, na wengi wetu hapa Kware maji mengi tunayoyajua ni yale ya machimbo ya mawe mvua ikinyesha, kila siku unaongea lugha ya manahodha. (Hata "gavana" ni hivyo hivyo. Ukilifuata hilo neno nyuma hadi kwa Wagiriki unampata mtu aliyeshika usukani wa meli. Sitaongeza kitu hapo.)

Miezi minne iliyopita mjomba wangu alipata kazi ya ajabu. Anko ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa mtaani. Anatengeneza mageti, madirisha na mikokoteni, na watu wa matatu humletea vyuma vya chini ya gari vilivyolegea. Jamaa mmoja aliyemtengenezea geti Syokimau alipeana namba yake kwa rafiki, na huyo rafiki ako na mashua ya tanga kule Kilifi. Ni mashua ya mita 8, ya zamani, aliinunua ikiwa imechoka. Mpango wake ni kwenda Pemba, na baadaye, Mungu akijalia, Ushelisheli, ambako ni zaidi ya kilomita 1,500 za maji matupu. Akatuma usukani wa hiyo mashua kwa basi, umefungwa na magunia, na maagizo mafupi: fundi, safisha hiyo chuma, piga polishi, paka rangi, nirudishie.

Mimi nilikuwa hapo na simu yangu kama kawaida, narekodi. Nilidhani itakuwa video ya sekunde 40, kabla na baada, muziki kidogo, basi. Imekuwa kazi ya miezi minne, na imenipa maoni makali kuhusu kitu ambacho sikuwa nakifikiria kabisa.

Maoni yenyewe ni haya: sehemu ya usukani ambayo huwezi kuiona ndiyo itakuua. Na sisi watu wa mtaa, tena si mafundi peke yao, na sisi wateja tumo, tumezoea sana ile falsafa ya "bora inasonga." Barabarani unaweza kuponea na hiyo falsafa. Gari ikikataa kukata kona unakanyaga breki, unasimama, unapigia mtu simu. Baharini hakuna breki, wala hakuna mahali pa kusimama kando.

Sasa hesabu kidogo, msinikimbie. Maji ya bahari ni mazito karibu mara 800 kuliko hewa. Chukua usukani wenye eneo la nusu mita mraba, kama mlango wa kabati ndogo ya jikoni. Mashua ikienda kilomita 11 kwa saa, mwendo ambao boda ikikupeleka nao Outering ungeshuka ukatembee, na ugeuze usukani hadi mwisho, maji yanaweza kuusukuma kwa nguvu ya karibu kilo 250. Hiyo ni mifuko 5 ya simiti imeegemea ule ubao. Halafu ndio inakuja noma: mwendo ukiongezeka mara 2, nguvu haiongezeki mara 2, inaongezeka mara 4. Wimbi kubwa likiibeba mashua kutoka nyuma na kuiteremsha, unafika kilomita 22 kwa saa ndani ya sekunde chache. Mifuko 20. Tani moja. Na haiji mara moja iishe. Inakuja kushoto, inakuja kulia, usiku na mchana, wiki nzima. Chuma hakihitaji kuzidiwa na mzigo ndio kivunjike. Kinaweza tu kuchoka. Kunja waya wa kuanikia nguo, ukunjue, ukunje tena. Hukuuvunja kwa nguvu, uliuchosha.

Turudi kwa Anko. Ule usukani ulikuwa wa faibaglasi, umenenepa katikati kama samaki, na juu yake kumetokeza fimbo ya stenlesi iking'aa vizuri tu. Ukiangalia hapo juu ungesema kazi ni ya saa mbili. Anko akaugonga na kinyundo kidogo, juu, katikati, chini. Juu ulilia vizuri. Chini ulitoa sauti bubu, kama kugonga tikiti maji lililoiva kupita kiasi. Halafu kwa ufa mdogo pale chini kukaanza kutoka maji ya rangi ya chai.

Akampigia mwenye mashua. Simu ilikuwa kwa spika, ndio maana najua yote.

"Boss, hii lazima niikate nione ndani."

"Fundi, mimi sikuomba kukatiwa kitu. Nimeomba polishi."

"Nimeelewa boss. Lakini geti nikilikosea linaanguka hapa kwa ardhi, tunaliinua. Hii ikianguka, wewe utakuwa wapi?"

Yule mtu akanyamaza, akasema atapiga baadaye. Ilikuwa tarehe 28. Mnajua mwisho wa mwezi Kware unakaa aje, landilodi ameanza kupita akisalimia watu kwa majina. Pesa ya polishi ilikuwa pale pale, kazi ya saa mbili, na hakuna mtu duniani angejua kilichokuwa ndani. Anko aliufunika ule usukani na gunia, akauegemeza ukutani, akaendelea na madirisha ya watu. Siku ya kwanza hakuna simu. Ya pili hakuna. Mke wake akamuuliza kwani hiyo mbao ya watu inalipa kodi ya kulala hapo. Siku ya tatu simu ikalia: kata.

Ndani mlitoka harufu kali kama siki. Povu lililojazwa katikati lilikuwa limeoza, unalichota na kijiko. Ile fimbo iliyong'aa juu, huku ndani ilikuwa imeliwa, ina mashimo ambayo ncha ya kalamu inaingia. Na ile fimbo ilishikana na ubao kwa mikono mitatu tu ya chuma iliyochomelewa pembeni. Miwili ilikuwa imeshakatika kabisa pale kwa welding. Wa tatu ulikuwa na ufa hadi katikati. Kwa Kiswahili rahisi, siku wimbi lingekata huo wa tatu, nahodha angezungusha fimbo na ubao haungezunguka nayo. Angekuwa ameshika usukani ambao haujashika kitu.

Kwa nini ilioza ndani na nje iko sawa? Hapa nilijifunza kitu ambacho wauzaji wengi wa vyuma hawakuambii. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu imejifunika utando mwembamba sana, na huo utando unahitaji oksijeni ndio ujirekebishe ukikwaruzwa. Ukiifungia chuma mahali penye unyevu wa chumvi na hakuna hewa, utando unakufa na chumvi inaanza kuchimba. Kwa hivyo kile kipande umekificha vizuri zaidi ndicho kinachooza kwanza, huku kile unachoona kinaendelea kukuchekea.

Halafu kuna stenlesi na stenlesi. Ile ya masinki na ngazi za maghorofa mara nyingi ni namba 304. Ya baharini inatakiwa 316, ambayo imeongezwa madini yanayoitwa molibdeni, asilimia 2 hadi 3 hivi, ndiyo yanaisaidia kupigana na chumvi. Kwa macho zinafanana. Na ule ujanja wa kuweka sumaku haukusaidii, kwa sababu sumaku haitakutofautishia 304 na 316. Muuzaji wa kwanza alimwambia Anko "ni ile ile tu, fundi." Anko akatoka. Wa tatu ndiye aliyekuwa na karatasi ya kiwandani inayoonyesha chuma kina nini ndani. Bei ilikuwa juu, na mwenye mashua alilalamika. Lakini fundi wa jua kali hawezi kutengeneza kitu cha 316 kwa pesa ya 304, hata awe mkali namna gani, na hii kasumba ya kusema vitu vya mafundi wetu haviaminiki ingepungua nusu kama wateja wangekubali kulipia karatasi.

Sasa swali likawa tutengeneze nini. Njia rahisi ilikuwa kurudia ile ile: fimbo mpya ndani ya ubao mpya. Anko alitaka kuinenepesha kutoka milimita 30 hadi 40. Inakaa kama tofauti ndogo, lakini nguvu ya fimbo nzima dhidi ya kupinda inafuata kipenyo mara tatu kwa chenyewe, kwa hivyo hizo milimita 10 zinakupa zaidi ya mara 2 ya nguvu. Sawa. Lakini bado itakuwa imefichwa. Miaka 15 ijayo fundi mwingine atagonga na kinyundo asikie sauti bubu, au asigonge. Anko aliliangalia hilo jambo jioni nzima, kisha akaniambia, "Wewe si uko kwa simu saa yote? Hebu tafuta watu wa pwani wenyewe hufanya aje."

Nikatafuta. Na jibu lilikuwa limekaa huko miaka yote.

Mnakumbuka Flipflopi? Ile dau ya rangi rangi iliyojengwa Lamu kwa plastiki ya takataka, tani 10 za plastiki na maelfu ya malapa yaliyookotwa ufuoni. Iliteremshwa majini Septemba 2018, fundi mkuu akiwa Ali Skanda, na mapema 2019 ikasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, karibu kilomita 500. Mita 9 tu. Kila mtu alipiga picha zile rangi. Mimi pia ningepiga. Lakini ukitaka kuelewa vyombo vya pwani, zunguka nyuma, kwa tezi, uangalie mkia. Kwenye jahazi au mashua ya kawaida kuna gogo limesimama nyuma linaitwa fashini. Usukani unaning'inia hapo nje kwa bawaba, kama mlango wa nyumba, na juu yake kunachomekwa mti wa kushika, unaitwa kana. Basi. Hakuna fimbo tumboni mwa ubao. Kila kiungo unakiona, unakigusa, na kikilegea unauinua usukani mzima, unaulaza mchangani, unautengeneza. Bawaba ikikatika, mtu wa huko anatafuta kamba kwanza kabla hajatafuta fundi.

Kamba hapo si utani. Pwani hii ilikuwa na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, bila msumari, tangu karne ya kwanza. Mgiriki mmoja aliyeandika kuhusu safari za Bahari ya Hindi wakati huo alivitaja. Na karibu mwaka 985 msafiri Mwarabu al-Muqaddasi alieleza jinsi vyombo vya Bahari ya Shamu vilivyoongozwa na mtu aliyeshika kamba mbili, moja kila upande. Weka hiyo kamba akilini, nitairudia.

Wewe sema hiyo ni mambo ya kale. Sawa, twende kwa mtu wa kwanza kuzunguka dunia peke yake bila kusimama popote. Robin Knox-Johnston, Mwingereza, aliondoka Juni 1968 na kurudi Aprili 22, 1969, siku 312. Mashua yake iliitwa Suhaili, jina ambalo mabaharia wa Ghuba waliupa upepo wa kusini mashariki, na ilijengwa kwa mbao za msaji huko Mumbai, Bahari yetu hii hii ya Hindi. Mita 9.8, kubwa kidogo tu kuliko Flipflopi. Alikuwa na kifaa cha kuiendesha mashua kwa nguvu ya upepo ili yeye apate kulala. Kikavunjika akiwa bado upande wa Australia. Kile kifaa cha kisasa kilimwacha huko, akaendelea kwa kupanga matanga yasawazishe mashua na kushika kana mwenyewe inapobidi. Usukani wa Suhaili ulining'inia wapi? Nje, nyuma, kwa bawaba.

Na kama bado mnadhani kuficha ndio usasa, waulizeni wenye mashua za Hispania na Ureno. Tangu 2020 kuna nyangumi aina ya orka huko ambao wameamua kuzigonga mashua za matanga, na kitu wanachopenda ni usukani. Wameshavunja nyingi, na mashua kadhaa zimezama. Au angalia ile meli ya makontena, Dali, iliyopoteza umeme usiku wa Machi 26, 2024, ikashindwa kuongozwa na kuangusha daraja zima la Baltimore, Marekani, watu 6 waliokuwa wakifanya kazi juu yake wakafa. Meli ya mita 300. Wachunguzi walipomaliza kazi walisema umeme wa kwanza ulizimika kwa sababu ya waya mmoja uliolegea. Waya mmoja, ndani ya kabati, mahali ambapo hakuna mtu anayepita.

Tukampelekea mwenye mashua wazo: usukani wa nje, bawaba tatu, kana ya mti. Jibu lake la kwanza lilikuwa, "Hapana bana, mimi nataka ile ya gurudumu." Namwelewa. Gurudumu linapendeza kwa picha, unasimama nyuma yake na miwani ya jua unakaa nahodha. Anko hakubishana naye. Alichukua chaki akaanza kuandika ukutani vitu ambavyo vinahitajika kati ya gurudumu na usukani: ekseli, beringi mbili, gia ya mnyororo, mnyororo, viungo vya mnyororo na waya, waya mbili, puli nne, boliti za kila puli, chuma cha robo duara cha kuvuta fimbo, funguo zake. Akafika 23, akapiga picha, akamtumia. Chini yake akaandika vile vya kana: mti, boliti mbili, kichwa cha usukani. Na puli ni kitu cha kujificha. Zinakaa chini ya sakafu mahali hakuna mtu anayepanga kulala chali na tochi kuziangalia, hadi siku waya inaanza kulia. Mtu akikubali kuzikagua, gurudumu ni sawa kabisa, mashua kubwa zinalihitaji. Mashua ya mita 8 haina haja nalo. Kana ya zaidi ya mita moja inakupa urefu wa mkono wa kutosha, na inakupa kitu kingine ambacho gurudumu linakunyima: unasikia maji mkononi, unajua mapema mashua inapoanza kukataa.

Akakubali. Hapo ndipo kazi ya kweli ilianza, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu hii ndiyo sehemu nilipenda.

Bawaba za baharini ni pini upande mmoja na pete upande mwingine, kama hinji za geti. Na kama hinji za geti, zikiwa tatu lazima zote ziwe kwa mstari mmoja. Geti likiwa na hinji iliyopotoka linakwaruza, unalipiga teke, linafunga. Usukani wenye hinji iliyopotoka unajila wenyewe. Shida ni kwamba stenlesi ina tabia mbaya, ukiipa moto inajikunja sana kuliko chuma cha kawaida. Anko alipitisha chuma kimoja kirefu kilichonyooka katikati ya pete zote tatu, akazifunga, kisha akachomelea kidogo kidogo: tone hapa, anaacha ipoe, tone upande wa pili, anaacha ipoe. Kazi ambayo kwa geti ingechukua dakika 20 ilichukua siku mbili. Watoto wa shule walipita wakienda, wakarudi, wakamkuta kwa pete ile ile.

Pini ya chini aliifanya ndefu kuliko zingine. Niliuliza kwa nini. "Fikiria uko kwa maji, mashua inaruka, unataka kurudisha huu usukani mahali pake. Utalenga mashimo matatu mara moja? Unalenga moja kwanza." Alikuwa hajawahi kupanda mashua maishani. Aliijua kutoka kwa mageti mazito ya godauni.

Chuma kwa chuma ya stenlesi zikisuguana zinaumana hadi zinashikana, kwa hivyo ndani ya kila pete lazima uweke bushi laini. Mtu akapendekeza nailoni. Nailoni inakunywa maji na kuvimba, na bushi ikivimba usukani unakwama. Jibu lilipatikana jikoni: ule ubao mweupe mnene wa plastiki wanaokatia nyama kwa bucha. Haunywi maji, unakatika vizuri kwa mashine, unateleza. Tulinunua mmoja mpya (mpya, jamani, si wa bucha) na ukatoa bushi zote na za akiba. Ubao wenyewe wa usukani hatukuujenga Nairobi. Huo ulitengenezwa Kilifi na fundi wa mashua, kwa mbambakofi, na mikono ya chuma ya Anko ikaukumbatia pande zote mbili kwa nje, na boliti kupita katikati kutoka upande hadi upande. Hakuna skrubu. Skrubu inashika mbao, boliti inashika nati yake upande wa pili. Na hakuna kitu kilichofunikwa.

Nilisafiri na mzigo mwenyewe, basi la usiku hadi Mombasa kisha matatu hadi Kilifi, kilo 19 za chuma zimefungwa kwa blanketi la Maasai. Yule fundi wa mashua alikuwa mzee wa miaka kama 70.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo hizo bawaba za bara?"

Akazishika moja moja, akapitisha kidole gumba kila mahali penye welding, polepole, kama mtu anayesoma. Kisha akaingiza pini, akazungusha, akasikiliza. Hakusema kitu kizuri wala kibaya. Alisema tu, "Alozitengeza hana haraka." Nimemtumia Anko hiyo sauti. Ameihifadhi.

Siku ya kujaribu upepo ulikuwa wa kiasi. Tulitoka kwa tanga kwenye mkono wa bahari wa Kilifi, chini ya daraja, hadi mlangoni mawimbi ya nje yanapoanza kuingia. Kana ilikuwa nyepesi, mimi mwenyewe niliishika kwa mkono mmoja. Halafu mzee akaichomoa. Kweli, akaichomoa akaiweka chini, mashua ikiwa inakwenda. Kwenye ubao wa usukani, juu kidogo ya maji upande wa nyuma, alikuwa ametoboa tundu, na kwenye tundu amefunga kamba mbili, moja inakuja kulia, nyingine kushoto. Tukaendesha kwa kamba hizo kama dakika 20, mwenye mashua upande mmoja na mimi mwingine, tukivuta kwa zamu na kupiga kelele. Al-Muqaddasi angetucheka lakini angetuelewa.

"Haya," mzee akasema, "na kamba hizi zikikatika, mtashika nini?"

Hakuna aliyejibu. Akachukua ndoo, akaifunga kwa kamba ndefu yenye miguu miwili kama herufi V, akaitupa nyuma. Ukivuta mguu wa kulia, ndoo inaburuza kulia na mashua inageuka kulia. Polepole, kwa uvivu, lakini inageuka. Baadaye nilisoma kwamba kanuni za mashindano ya matanga ya bahari kuu zinataka mashua iwe na kana ya dharura, na mabaharia wawe wanajua njia ya kuongoza mashua hata usukani ukipotea kabisa. Mzee hakuwa amesoma kanuni yoyote.

Mwenye mashua alikaa kimya muda mrefu tukirudi. Nafikiri alikuwa anahesabu, kama mimi, usiku ambao angekuwa katikati ya maji na ule mkono wa tatu wenye ufa, uliopigwa polishi vizuri.

Anasubiri kaskazi ishike, Desemba, imsukume hadi Pemba, na arudi na kusi. Ushelisheli bado, amesema ataijua mashua kwanza. Ameagiza seti ya pili ya pini na bushi, na boliti za akiba, azibebe kwa kopo lenye grisi. Juzi alipiga simu akiomba apunguziwe, kwa sababu eti sasa Anko ana vipimo tayari, kazi imekuwa rahisi. Anko alimwambia bei ni ile ile na siku ni zile zile mbili, lakini nakala ya karatasi ya kiwandani atampa bure.